Nakala ya Nolda Ison

Mahakama ya Kaunti ya Lathrop ilipofunguliwa Jumatatu, Nolda Ison alikuwa ameshasimama kwenye ngazi, mkoba kifuani, manyunyu yakimlowesha nywele. Mlinzi, mzee Creed Napier, alimpitisha kwenye mlango wa kukagulia vyuma, kisha akamrudishia funguo zake.

"Umekuja kulipia faini ya gari, au kuna mtu umempiga?"

"Nimekuja kutafuta faili, mzee Creed."

"La nani?"

"Langu."

"Basi pita kule nyuma, masijala ya familia. Na funga vifungo vya koti, kule kuna baridi."

Nolda alikuwa na miaka sitini na kitu, mjane, mpishi mstaafu wa shule. Tangu akiwa na miaka saba alijua jambo moja kuhusu nafsi yake, kwa sababu mama yake, Ocie, hakuacha kumkumbusha. Jaji alimwuliza kama anamtaka mdogo wake Dewey abaki nyumbani, naye akasema hapana. Dewey, mtoto wa miaka mitatu, akachukuliwa na serikali, na hakuonekana tena. "Mdomo wako ndio uliompeleka," Ocie alimwambia binti yake kila sahani ilipovunjika, kila Krismasi, na hata siku ya harusi yake, akiwa amemshikia shela.

Nolda mwenyewe hakukumbuka kitu. Alikumbuka ngazi za mahakama na harufu ya nta ya sakafuni, basi. Lakini aliamini, na kwa kuamini alijipangia maisha yasiyo na watoto wa kiume karibu. Kanisani alifundisha wasichana tu. Shuleni aliwapakulia wavulana chakula bila kuwatazama usoni. Sasa binti yake, Tamsin, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Emmitt, na likizo ya uzazi ilikuwa inakwisha. Tamsin alimwomba amlelee mtoto. Nolda akasema hawezi. Alipoulizwa kwa nini, alisema mgongo unamsumbua, na Tamsin akaondoka bila kuaga, huku akimfunika mtoto kama mtu anayemkinga na moshi.

Ndiyo maana alikuwa pale.

Karani wa masijala alikuwa Harlene Spurlock. Walikuwa wameimba pamoja kwaya ya Wabaptisti mpaka Harlene alipoharibikiwa na sauti.

"Wewe Nolda! Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nataka shauri la malezi. Mwombaji ni Ocie Ison."

"Mwaka gani?"

"Ule daraja la chini lilipochukuliwa na maji."

Harlene akaacha kugusa kompyuta. "Hao wa zamani hivyo hawamo humu. Hao wako chini."

Katika kaunti ile mashauri ya familia hayakuwa yakiandikwa. Mwandishi wa mahakama alikuwa mmoja, na kampuni za makaa ya mawe zilikuwa na kesi nyingi. Kwa hiyo watu waliofika mbele ya jaji wa familia walibaki. Walirudi makwao pia, wakapika, wakazeeka, wakazikwa. Lakini wao wa siku ile walibaki palepale mahakamani, wakateremshwa ghala la chini na kukalishwa kwenye mabenchi, kila mwaka benchi lake. Hawakula, hawakulala. Waliopita kando ya jengo waliwasikia kupitia matundu ya hewa, waume na wake wakigombea magodoro na ng'ombe kwa sauti za chini, na watu wenye adabu walikohoa kidogo ili wasionekane kama wanasikiliza.

"Kuna tatizo moja," Harlene alisema. "Wewe ulikuwa mtoto. Watoto wamefungwa kwa muhuri wa kaunti. Lazima upate amri ya jaji."

"Lakini ni mimi mwenyewe."

"Najua ni wewe, shoga. Nakujua tangu huna meno ya mbele. Lakini sheria haikujui."

Jaji wa sasa, Burchett, alikuwa kijana mpole. Alimkaribisha ofisini mwake akiwa amevaa joho na viatu vya mpira, maana paa lilivuja. Alisoma ombi, akauliza analitakia nini faili hilo.

"Nataka kusikia nilichosema."

"Unaweza ukasikia usichokipenda, mama."

"Hicho nimekisikia maisha yangu yote, mheshimiwa. Nataka kukisikia kwa mdomo wangu."

Jaji akatia saini.

Siku chache baadaye Harlene alipiga simu kusema watu wa shauri lile wamepatikana. Walikuwa wamesukumwa nyuma ya benchi la mwaka mwingine, wana vumbi, lakini wazima. Nolda akavaa gauni lake la kanisani.

Chumba cha kusomea kilikuwa na meza, kiti, na dirisha lililotazama mlima. Harlene alimsomea masharti kama alivyomsomea kila mtu. Haruhusiwi kula wala kunywa. Haruhusiwi kugusa. "Na usiwaulize kitu. Wanajibu walichoulizwa siku ile tu. Ukiwauliza kingine unawachosha bure."

Kisha akafungua mlango wa ghala.

Wa kwanza kuingia alikuwa Ocie, mwenye umri mdogo kuliko Tamsin wa leo, mrembo, koti la bluu, midomo imepakwa rangi. Mkono wake wa kushoto alikuwa ameukunja kiunoni jinsi wanawake wanavyobeba mtoto, na koti lilikuwa limevutwa upande huo kwa uzito. Lakini juu ya mkono ule hapakuwa na mtu. Kila baada ya muda aliupandisha kidogo, kama anayemweka sawa mtoto anayeteleza.

"Dewey yuko wapi?" Nolda alimwuliza Harlene.

"Sehemu yake ilihamishiwa Kaunti ya Breck. Ndiko alikopelekwa. Kule wanatunza wa kwao wenyewe."

Nyuma ya Ocie alikuja msichana mwembamba wa miaka saba, mwenye kovu la kidevu, soksi moja imeshuka. Mdomo wake ulikuwa umebandikwa utepe mwekundu wenye muhuri wa kaunti. Alimtazama Nolda kama watoto wanavyomtazama mtu mzima yeyote aliyekaa kwenye benki au posta. Harlene alilowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu, akauloanisha utepe taratibu, akaubandua kuanzia pembeni. Ngozi chini yake ilikuwa nyeupe na imesinyaa.

Jaji Tackett, aliyelisikiliza shauri siku ile, alichelewa. Alikuwamo kwenye karibu mafaili yote ya miaka ile, kila faili na Tackett wake, na kule chini walikuwa wakigongana kwenye ngazi bila kusalimiana. Huyu aliingia akifuta miwani, akakaa, akaonyesha mlango kwa kidole. Mtoto alitolewa nje. Shauri likaanza.

"Mume yuko wapi?" jaji aliuliza.

"Ohio, kama bado yu hai," Ocie alisema. "Mheshimiwa, nimepata mtu wa kunioa. Harve Gullett. Ana nyumba, ana kazi mgodini. Lakini amesema ataingiza mtoto mmoja tu."

"Yupi?"

"Hakusema yupi. Alisema mmoja."

"Nakuuliza wewe, mama. Yupi?"

Ocie aliupandisha ule mkono mtupu. Alikitazama kitu kilichokuwa juu yake, akakipangusa mahali ambapo pua ingekuwapo.

"Msichana," alisema. "Msichana ameshajua kuosha vyombo."

Jaji akaandika hewani kwa kalamu isiyokuwapo, akatia saini kwa kuvuta mkono kwa nguvu mwishoni. Halafu ndipo aliposema mtoto aingizwe.

"Unaitwa nani?"

"Nolda."

"Unapenda shule, Nolda?"

"Dewey anaenda wapi?"

"Nimekuuliza habari za shule."

"Dewey hali viazi mpaka vipondwe," mtoto alisema. Alikuwa akisema haraka, kama mtu aliyeyapanga maneno yake njiani. "Mama hajui, mimi ndiye ninayempondea. Mwambie Harve asimnunulie chakula. Atakula changu. Mimi sina njaa sana. Na akilia usiku nitamziba mdomo polepole, Harve hatasikia."

Jaji aliinua mkono, akaitazama saa yake.

"Mtoto mzuri huyu," alimwambia Ocie. "Mwiteni anayefuata."

Basi shauri likawa hilo tu. Watatu hao wakasimama kama watu wanaongoja basi. Nje, lori la makaa lilipanda mlima likikoroma.

Nolda aliomba waanze tena, nao wakaanza tena. Safari hii aliziba masikio jaji alipouliza yupi, na kuyazibua mtoto alipofika kwenye viazi. Walipomaliza, alivunja masharti. Alimsogelea yule mwanamke kijana wa koti la bluu.

"Mama. Kwa nini uliniambia ni mimi?"

Ocie alifunga kifungo cha juu cha koti. Hakuwa ameulizwa hilo siku ile.

"Nilikuambia usiwaulize," Harlene alisema, lakini si kwa ukali. Alimletea kitambaa cha karatasi.

"Harlene, hii inarekebishwa vipi?"

"Hairekebishwi. Sisi tunatunza tu. Kurekebisha ni rufaa, na muda wa rufaa ulikwisha mimi na wewe bado tunanyonya vidole."

Nolda alipanga kwenda Breck kesho yake, ila kwanza akapiga simu. Mwanamume wa masijala ya kule alikuwa anatafuna kitu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akameza, akamwambia mafuriko ya miaka ile yaliingia ghalani mwao mpaka darini.

"Watu wazima wengi walijitokea wenyewe, mama. Waliopanda barabarani tuliwarudisha. Wengine bado wanaonekana kando ya mto, hawajui wa shauri lipi."

"Na watoto?"

"Wadogo ni wepesi," alisema yule mtu. "Wadogo walielea. Walikwenda na maji. Samahani sana."

Nolda alimshukuru. Kisha akarudi dirishani kwa Harlene, akaomba nakala iliyothibitishwa.

"Ya faili zima?"

"Ya mtoto tu."

Nakala ilitoka alasiri. Ilikuwa imefifia kwenye kingo, jinsi nakala zinavyokuwa. Kupitia masikio yake ungeweza kuona rangi ya ukuta. Harlene alimgonga muhuri nyuma ya mkono, akaupuliza ukauke, akamwambia Nolda asimweke juani muda mrefu. Mtoto halisi alibandikwa utepe mpya na kurudishwa chini. Alishuka ngazi mwenyewe, akishika ukuta. Nakala ilipanda kwenye pikapu, ikafungwa mkanda, na Creed akawafungulia geti, akiinua kofia yake mara mbili.

Tamsin alikuja jioni ileile kuchukua vyombo vyake, na Emmitt begani. Aliwakuta mezani.

"Huyo nani?"

"Mimi. Nakala."

Tamsin alivuta kiti, na Nolda akamweleza habari za Dewey na za jaji. Mtoto alisema maneno yake, yale ya viazi na ya njaa, bila kubadilisha hata moja. Tamsin aliyasikiliza yote. Mtoto alipomaliza, Tamsin aliitazama mikono ya mama yake, kisha akamweka Emmitt juu ya mikono hiyo. Nolda alimshika kama mtu anayeshika sufuria lililojaa. Tangu wiki iliyofuata alikuwa akimlea siku zote za kazi, na kumbe mgongo haukuwa na shida yoyote.

Jumapili alimpeleka yule mtoto wa nakala kwa Ocie.

Ocie alikuwa kwenye nyumba ya wazee juu ya kilima, mwili umebaki mdogo, akili nzima kabisa. Alikuwa anakula pudingi mbele ya televisheni. Alimtazama Nolda, akamtazama mtoto, akautazama muhuri.

"Pandisha hiyo soksi," alimwambia mtoto. "Unanifedhehesha."

Nolda alimwambia alichokisikia mahakamani, chote, hata lile la vyombo. Mtoto naye akasema ya kwake. Ocie aliendelea kula. Alikwangua kikombe mpaka chini, akalamba kijiko.

"Ulijua kuosha vyombo," alisema. "Ilikuwa kweli."

"Na mimi, mama? Miaka yote ile ukaniambia ni mdomo wangu?"

Ocie alikitazama kijiko. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa kiunoni, juu ya blanketi, na daktari alikuwa ameshasema ni ugonjwa wa viungo.

"Mmoja wetu alipaswa kuubeba mzigo huo," alisema. "Mimi nilikuwa na mume wa kumpikia." Kisha akamwambia mtoto, "Hebu sogea, unanizibia picha."

Mtoto akasogea.

Nolda hakuacha kwenda. Jumapili iliyofuata alikwenda na mashuka safi, mtoto akamfuata nyuma, amefifia kidogo zaidi. Kulikuwa na muuguzi mpya, msichana mchangamfu, aliyekuwa akimfunga Ocie kitambaa cha shingoni.

"Hawa ndio jamaa zako, bibi?"

"Yule mrefu ni binti yangu," Ocie alisema. "Alikuwa na mdogo wake wa kiume. Jaji akamwuliza kama anamtaka, akasema hapana. Mdomo wake ndio uliompeleka."

"Jamani," muuguzi alisema, akimtazama Nolda kwa huruma ya aina ile aliyoizoea Nolda.

"Dewey hali viazi mpaka vipondwe," mtoto alianza.

Ocie aliongeza sauti ya televisheni. Mtoto, ambaye hakuwa na maneno mengine, aliyasema yote mpaka mwisho. Nolda alibadilisha shuka upande mmoja, akazunguka, akabadilisha upande wa pili. Muuguzi alingoja mpaka kila mtu aliponyamaza, akachukua kikombe, na kwenye chati iliyoning'inia mlangoni akaandika kwamba mgonjwa alikuwa na wageni wawili, na amekula vizuri.