Vifungo vya Mchana

"Sitoi damu," binti alisema, macho kwenye mashine, suruali ikipita chini ya sindano. "Mimi mzima, mama. Mtu hatafuti ugonjwa kwa miguu yake."

Mama yake alikuwa upande wa pili wa meza ya kukatia, akipambana na mkasi. Vidole vyake vilikuwa vimevimba vifundovifundo kama tangawizi. Juzi daktari alimweleza: kuna jeni inayoituliza kinga ya mwili, na yake ina hitilafu, mlinzi amegeuka, anampiga mwenye nyumba. Amlete na binti apimwe. Kuirithi si lazima kuugua, ila anayeugua akiwahi dawa, viungo husalimika.

"Ni kupima tu."

"Na nikishajua? Nitaikata hiyo jeni kwa mkasi?"

"Mdomo wako ungekuwa unashona, tungekuwa na duka la pili."

Binti akacheka. Mama akamsogezea mashati sita. "Haya, tia vifungo. Mwenyewe anakuja saa nne."

"Nitatia mchana."

"Saa nne, nimesema."

"Asubuhi mashine, mchana sindano ya mkono. Si ndiyo kawaida yetu?"

Ilikuwa kawaida yao kweli. Mama ndiye aliyeianzisha, miaka mitatu nyuma, vidole vyake vilipoanza kuamka vimekakamaa na kulegea baada ya adhuhuri. Hakumwambia mtu. Alisingizia mwanga, ilhali dirisha la duka linatazama mashariki na mchana huwa giza.

"Njoo utie kimoja, nione."

"Mama..."

"Kimoja."

Binti akaishika sindano. Ikamponyoka. Akaiokota kwa kuikokota hadi ukingoni mwa meza, ikamponyoka tena.

"Tangu lini?"

"Miezi minne."

"Na ukanyamaza."

"Nimemrithi nani?"

Mama alichukua kitenge chake, akamtupia binti viatu, akafunga duka. Mwenye mashati angegonga hadi achoke.

Maabarani, mpimaji alimfunga binti mpira mkononi, akatafuta mshipa. "Kunja ngumi, dada."

Vidole vikaja nusu ya njia, vikagoma. Binti akatazama ukutani.

Mama akaufunika mkono ule kwa wake, akabana taratibu. Vyake navyo viliishia nusu. Wakabaki hivyo, ngumi moja isiyofumba juu ya nyingine, na damu ikaanza kupanda ndani ya kichupa.