Wimbo Uliopigiwa Makofi

Fundi cherehani alipenda kuchekesha watu, na tabia hiyo ndiyo iliyomkalisha mstari wa mbele asubuhi ile katika ukumbi wa shule, jasho likimtoka kabla jua halijakaza. Kushoto kwake alikaa dada yake mkubwa, aliyemlea. Mbele yao Wazungu thelathini, wanakwaya, walijipanga kwa kimo kama sufuria za seti moja.

Miaka mitatu nyuma, mwalimu wao alikuja mtaani na kinasa sauti, akitafuta nyimbo. Lugha ya wageni Fundi aliiokota hotelini, alikokuwa akishona sare, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa mtaa mzima. Alimwimbia nyimbo mbili tatu za harusi alizotunga dada yake. Mwalimu akataka nyingine. Fundi, nyimbo zimemwishia na sifa bado anazitaka, akautoa ule mmoja: ule dada alioutunga wiki aliyomzika mwanawe wa pekee. Dada hakuwahi kuuimba mbele ya mtu. Fundi aliusikia kupitia ukutani, enzi walizokuwa wakiishi vyumba vya kupakana. Mwanzo wake ulimwita tu mpendwa aje nyumbani, bila kutaja kifo.

"Huu una maana gani?" mwalimu aliuliza.

Hapo angeweza kusema. Lakini watu walikuwa wanacheka, soda za mgeni zilikuwa baridi, na nani anataka kuleta msiba kwenye soda baridi?

"Wa kumkaribisha bwana harusi," alisema. "Mnapiga makofi hapa, na hapa." Akamwonyesha na jinsi ya kukata kiuno.

Sasa mwalimu alikuwa amerudi na kwaya yake, na alitaka mtungaji awepo. Wiki nzima Fundi alihangaika.

"Dada, ukumbi ule una joto."

"Nimewapikia wateja kwa mkaa miaka thelathini, leo niogope ukumbi?"

"Na viti vyake vigumu."

"Mdogo wangu, una nini wewe? Unaona haya kukaa na mimi mbele ya Wazungu wako?"

"Haya ya nini, dada."

"Basi nishonee gauni. Wataimba upi?"

"Mmojawapo wa zile za harusi," alisema, akainamia cherehani.

Waliuimba ule mmoja, tena vizuri, na hapo ndipo palipouma. Kila neno lilitoka safi, kwa sauti nne, kutoka kwa watu wasiojua wanamlilia nani. Kisha makofi. Kisha viuno thelathini. Watoto wa shule wakashangilia. Dada alishika mkoba wake kwa mikono miwili, macho makavu, hadi mwalimu alipomwashiria apige na yeye. Ukumbi mzima ukamgeukia. Dada akauweka mkoba chini, akapiga makofi. Fundi aliona heri yangemshukia yeye shavuni.

Walipomaliza, mwalimu alikuja akamshika dada mikono yote miwili.

"Mwambie kwetu kuna watu walikuwa hawasalimiani na majirani zao waliotoka Afrika. Siku hizi wanauimba pamoja, kwenye harusi zao."

Fundi alitafsiri. Dada alimgeukia.

"Uliwaambia ni wa harusi?"

"Niliwaambia, dada. Nisamehe. Acha niwaambie ukweli sasa hivi, wote, hapa hapa."

"Ili wewe ulale vizuri?" Hakupandisha sauti. "Wametoka mbali hawa. Usiwavunje moyo kwa ajili ya kujisafisha. Waambie asante."

Akawaambia asante. Mwalimu akafungua daftari.

"Na ubeti wa pili? Uliniambia upo, umeusahau. Muulize kama atatufundisha."

Fundi hakuwa ameusahau. Ubeti wa pili ndio wenye jina la mtoto. Siku ile alishindwa kulitamka, akasingizia usahaulifu. Alimuuliza dada bila kumtazama.

Dada alitabasamu, lile tabasamu analowapa wateja wanaokuja chakula kimekwisha.

"Mwambie hakuna ubeti wa pili."

Fundi alitafsiri neno kwa neno, bila kuongeza la kwake hata moja, na mwalimu akaandika hivyo kwenye daftari lake.