Uso wa Musambi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na afadhali niliseme mwenyewe kabla Rosalie hajawaambia. Kwetu Muheto, huku milimani Masisi, mtu akisikia neno picha anaoga, anapaka viatu rangi, anavaa nguo za misa. Kwa hiyo Rosalie aliponiambia, "Kaka Polycarpe, kesho unisindikize Burungu, naenda kupiga foto," alfajiri nilikuwa mlangoni kwake na shati jeupe lililopigwa pasi, limekakamaa kwa wanga wa muhogo, kola imefungwa hadi kooni.

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kola.

"Unaenda kuoa?"

"Si ulisema foto?"

"Foto ya ndege, kaka. Hapana yako."

Nafasi ya kurudi kubadilisha haikuwepo. Tukaenda.

Rosalie alikuwa mjane wa Raphaël, mpiga picha aliyetutengenezea sote picha za vitambulisho, na sura zetu zile za kuogopa. Raphaël alipofariki, mkewe aliendelea na kazi, na mimi nikawa namshikia shuka jeupe nyuma ya wateja. Ni kazi pekee ambayo sijafukuzwa. Lakini Védaste, ndugu ya marehemu, hakufurahi. Alisema kumpiga picha mtu aliyekaa kwenye kiti si kazi, hata mbuzi angeweza. Jumapili moja mbele ya kanisa, watu wakisikia, akamwekea sharti:

"Kaka yangu alitafuta uso wa musambi mpaka akakufa, alipata mikia tu. Ulete ule uso, jicho lionekane, aparei ibakie kwako. Ukishindwa, inarudia kwangu."

"Nimesikia, shemeji," akajibu Rosalie.

Na filimu ndani ya hiyo aparei, yaani kamera ya marehemu, ilikuwa imebakiza picha moja. Mwaka ule malori ya kutoka Goma yaliyoleta filimu yalikuja yalipotaka.

Kwa wasiomjua musambi: ni ndege mrefu wa mabwawani, kichwani ana taji la nyuzi kavu kama ufagio mpya, na anatembea kama mtu aliyeitwa kwa chifu akijua hana kosa. Anaona mbali sana. Na kamera ile ilitaka umkaribie kiasi cha kumpa kikombe cha chai mkononi, la sivyo anatoka mdogo kama inzi.

Njiani nilitoa mashauri. Siku zote ninayo. Nilikwisha kubeba mizigo katika msitu wa Walikale, nikamweleza kwamba kule unasimama kimya chini ya mti wenye matunda, ndege wanakuja wenyewe.

"Walikale iko miti ya kukuficha," akasema, akilitazama shati langu. "Huku iko shemizi yako tu."

Burungu tulikuta ng'ombe wa mzee Kanyamibwa wameshateremka kando ya bwawa, na misambi katikati yao wakiokota panzi wanaorushwa na kwato. Nikapanda juu kidogo ili nione vizuri. Shati langu likawaka juani kama bati jipya. Misambi wote wakaruka.

Rosalie hakunigombeza, ingekuwa afadhali.

"Vua hiyo kitu. Lala mu majani, usisimame mpaka nikuambie."

Nikalala kifua wazi kwenye tope. Wanaoijua baridi ya Masisi asubuhi wataniombea. Mzee Kanyamibwa akaja kunitazama.

"Na huyu munakuja kumuzika hapa?"

Kumbe Rosalie alikuwa ameshakuja pale asubuhi nyingi, bila kamera, bila kumwambia mtu, ili ng'ombe wamzoee. Akajifunika blanketi ya kahawia ya mchungaji, akainama, akaweka mkono mgongoni mwa ng'ombe aitwaye Bihogo, akaanza kwenda mwendo wa ng'ombe. Bihogo akila, naye anasimama. Bihogo akisogea, naye anasogea. Nimeona watu wengi wakiiga wanyama ili kuchekesha. Sikuwa nimeona mtu anayesahau kabisa kwamba ana haraka.

Misambi wakarudi. Mmoja akaja akiokota panzi miguuni mwa Bihogo, karibu, karibu zaidi, mpaka ule umbali wa kikombe cha chai.

Hapo ndipo chafya iliponijia. Nikabana pua, nikauma majani, nikawaita watakatifu wote ninaowajua. Piga, mama, nikasema moyoni, piga. Hapigi. Ndege ameinamisha kichwa. Akakiinua, lakini ana panzi mdomoni. Rosalie akangoja ameze. Akageukia upande, uso ukaingia kivulini, Rosalie akangoja. Picha moja, kamera ya mumewe, kazi yake, vyote vilikaa juu ya kidole kimoja, na kidole kile kilitulia kama cha mtu anayechambua maharagwe nyumbani kwake.

Ndipo musambi akageuka, jua usoni, akamtazama Rosalie kama mteja anayetaka kutoka vizuri. Kamera ikalia tik. Nami nikapiga chafya iliyorusha ndege wa bonde zima. Hata Bihogo alikimbia.

Rosalie aliisafisha filimu mwenyewe, katika giza la ghala lake la maharagwe. Jumapili akaileta picha mbele ya kanisa. Shavu jeupe, paji jeusi laini kama mahameli, kila uzi wa taji umesimama peke yake. Na ndani ya jicho, ukitazama vizuri, unamwona mwanamke mdogo sana aliyejifunika blanketi kando ya ng'ombe. Watu walipokezana picha ile kwa mikono miwili.

Védaste aliigeuza, akaikagua hata mgongoni.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini tuseme kweli. Aparei ya kaka yangu iko na nguvu. Ni yenyewe ilipiga hii foto, hapana Rosalie."

Wanaume wachache wakatikisa vichwa kukubali. Nilitaka kujibu, lakini mafua ya Burungu yalikuwa yameniondolea sauti.

Rosalie akaivua kamera shingoni, akaiweka juu ya ukuta mbele yake.

"Sawa, shemeji. Uitume Burungu yenyewe. Sisi tutaingojea hapa."