Konokono wa Nyuma ya Pazia

Saluni ya Redio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe: kioo kirefu ukutani, viti viwili vya kuzunguka, benchi la wanaosubiri, na mlango wa kuingilia ndani uliofunikwa kwa pazia la maua yaliyopauka. Wateja walimwita Redio mbele yake na nyuma yake, kwa sababu habari yoyote ya mtaa ilipita kwake kwanza, ikatiwa chumvi, ndipo ikarushwa hewani. Yeye hakuona kama ni tusi. "Afadhali redio," alisema, "kuliko ukuta."

Vichwa vikiwa vingi alisuka. Vikipungua, aligeuza kiti kikatazama benchi na pazia, akatoa sindano ya kroshia, akafuma huku akipiga soga. Siku hizo alikuwa akifuma konokono wa uzi. Alianza na kitanzi kimoja katikati ya gamba, kisha nyuzi mbili, wa kahawia na wa rangi ya maziwa, zikafukuzana kuzunguka mpaka upana wa kiganja. Pande mbili za gamba zikishonwa pamoja, ndani husindiliwa pamba, chini huwekwa mwili, na juu ya pembe shanga mbili nyeusi. Aliwapanga juu ya fremu ya kioo, wote wanakwenda upande mmoja kama wanaowahi harusi.

Kilichomnyima raha ni nyumba. Watoto wake walikuwa wameondoka mmoja baada ya mwingine, vyumba vya ndani vimebaki na masanduku na vitanda visivyotandikwa. Alibaki kitindamimba na mkewe. Sasa kitindamimba alikuwa amepewa nyumba na kazini kwake, huko ng'ambo ya daraja, na jibu lilitakiwa mwisho wa mwezi. Redio hakuambiwa na mwanawe. Aliambiwa na mpishi wa shule, mteja wake wa siku nyingi, ambaye mumewe alikuwa mlinzi wa nyumba hizo za kazini.

"Leo mimi ndiye nakuletea habari za kwako," mpishi alimtania. "Betri zimekwisha?"

Mwanawe alipobanwa, alijikuna kisogo. "Mama, mimi popote nalala. Nimemwachia mke wangu aamue."

Basi yote yakawa mikononi mwa mkwe. Huyo alifanya kazi duka la dawa lililokuwa mtaa wa pili, na mchana akirudi aliingia kwa mlango wa nyuma, jikoni, akasalimia kwa mbali, akapotelea ndani. Hakuwa na ubaya. Ila Redio hakujua afanye nini na mtu asiyekuwa na la kusema. Akaona dawa ni kumvuta kwenye benchi. Akishazoea watu na kelele, hatataka kuhama.

"Njoo, mwanangu, nikufundishe konokono."

Akamketisha ubavuni, bega kwa bega, akampa sindano na uzi. Mkwe alifuata kwa mkono wa kulia, taratibu, ulimi umebanwa kwenye meno. Vitanzi vingine vilikaza, vingine vililegea. Gamba lilivimba upande mmoja, kisha likarefuka.

Mpishi akainua kichwa chini ya taulo. "Hiyo ni konokono au soksi?"

Benchi zima likacheka, na Redio, ambaye hakuwahi kuacha kicheko kipite bila kukiongezea, akasema, "Mkono mzito, jamani. Utadhani anafunga gunia."

Mkwe naye alicheka kidogo, akaiweka soksi yake juu ya benchi, akasema ana sufuria jikoni. Hakurudi tena kwenye benchi. Gunia ndilo lililobaki, likasimuliwa kwa kila aliyekuja kuosha nywele, na kila likisimuliwa lilikuwa kubwa zaidi.

Siku moja mwishoni mwa mwezi, kukikaribia mchana, Redio alikuwa akifuta kioo alipoona konokono mmoja juu ya fremu amegeuka, anatazamana na wenzake. Akamchukua amrudishe kwenye mstari. Vitanzi vilikuwa vimelingana, pamba imeshiba bila kutokeza, mshono wa mwisho umefichwa vizuri. Hata hivyo alimkera machoni, kama shati lililovaliwa ndani nje. Akamweka karibu na mmoja wa wale wake. Mstari wa maziwa wa huyu ulizunguka kwenda huku, wa yule ulizunguka kwenda kule. Akamwinua mbele ya kioo. Ndani ya kioo alikuwa sawasawa na wa kwake.

"Huyu kafumwa na mtu wa mkono wa kushoto," alisema.

Mpishi alikuwa amekaa anasubiri kusukwa. Wakaanza kupitia mtaa mzima, nyumba kwa nyumba. Muuza nyama ni shoto, lakini vidole vyake havipiti kwenye kitanzi chochote. Binti wa mwalimu ni shoto, lakini yuko mbali anasoma. Redio aliwajua wote, na mama zao, na waliogombana nao. Hakupata mfumaji hata mmoja.

Akamtia konokono mfukoni, akaanza kumsuka mpishi palepale kwenye benchi, na alipofika nusu akaenda ndani kutafuta chanuo. Nyuma ya pazia mguu wake ukagonga kigoda cha jikoni. Chini yake kulikuwa na vipande vya uzi, vya kahawia na vya maziwa.

Redio akakalia kigoda. Pazia lilikuwa halifiki kwenye nguzo ya mlango, na kwenye ule mwanya kiti chake mwenyewe kilionekana chote, kimemwelekea, kiasi kwamba mtu aliyekikalia angehesabiwa vidole. Mpishi, kule kwenye benchi, alikuwa anajisemesha peke yake, polepole, kuhusu mguu unaomuuma. Kila neno lilifika.

Hakuinuka. Alikuwa bado hapo mkwe alipoingia kwa mlango wa nyuma na mkoba begani.

"Hiki kigoda kinafanya nini hapa?" Redio aliuliza.

"Nakalia, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya gunia."

Kwenye benchi, mpishi aliacha habari za mguu, akatega sikio.

"Kumbe wewe ni shoto. Mbona unakula kwa kulia? Mbona nimekuona unaandika kwa kulia?"

"Nilichapwa sana shuleni. Mbele za watu natumia kulia."

"Mimi ni watu?"

Mkwe aliweka mkoba chini. "Mama, wewe ni redio. Mbele yako si ndiyo mbele za watu wote?"

Redio alimtoa mfukoni yule konokono. "Na huyu umemwezaje?"

"Ukikaa ubavuni naona mkono usio wangu. Ukikaa mbele yangu, nafanya ninachokiona, basi."

"Kwa hiyo umenisikia yote."

"Na ile ya kwamba nataka kumtorosha mwanao."

"Aliyesema kutorosha ni mpishi."

"Ndiyo. Wewe uliongeza usiku wa manane."

Mpishi alikohoa ndani ya taulo.

"Mnahama?" Redio aliuliza.

"Tunahama, Mama. Jibu nimelipeleka leo."

Redio hakumwuliza sababu. Kiti chake kilikuwa kinamtazama kupitia kwenye mwanya. Akainuka, akakinyanyua kigoda, akapita nacho kwenye pazia, akakiweka katikati ya saluni, mbele ya kiti chake. Kisha akakaa, akachukua sindano, akaanza mwili wa konokono mpya. Baada ya muda mkwe alitoka, akakaa kwenye kigoda, akatoa sindano yake mfukoni kwa mkono wa kushoto. Wakafuma wakitazamana. Mpishi alikaa na nywele zake nusu, asilalamike.

Walihama kabla mwezi haujaisha, kwa gari la rafiki, vitu vichache. Redio alisimama mlangoni mpaka gari lilipokata kona. Aliyeuliza aliambiwa wamehama, basi, na wateja wakadhani anaumwa.

Wiki iliyofuata, duka la dawa lilipofunga kwa mapumziko ya mchana, mtu alibisha hodi mlango wa mbele. Mpishi aliyekuwa karibu akafungua. Mkwe hakuwahi kupita mlango ule muda wote alioishi humo. Aliwasalimia waliokuwa kwenye benchi mmoja mmoja, akavuta kigoda mbele ya kiti cha mama mkwe wake, akatoa uzi.

"Jirani yetu mpya," alisema, akipitisha kitanzi cha kwanza, "ana wake wawili, na kila mmoja anadhani yuko peke yake."

Redio aliacha kufuma. Akasogeza kiti karibu zaidi.