Siku Tano za Kutoka Majini

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa tatu na robo asubuhi, kombora la mazoezi lilipotea njia likamuua mke wa fundi friji, aliyekuwa akiokota chaza mwambani. Manowari za kigeni zilikuwa zikijipima nguvu nje kidogo ya mpaka. Tangazo la kuwataka watu wote watoke majini, Jumatatu hadi Ijumaa, lilibandikwa sokoni Alhamisi, siku mbili baada ya kifo. Mwili haukuonekana. Barua ya wakubwa ilisema marehemu alikuwa mahali pasiporuhusiwa. Fundi aliisoma kwa shida, neno moja moja, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa friji iliyokuwa ikiyumba.

Mwaka uliofuata tangazo lilitoka mapema. Jumatatu alfajiri mkewe akabisha hodi, gauni likichuruzika maji, ndoo mkononi.

"Umerudi?"

"Si wamesema tutoke majini? Mwaka jana nililaumiwa kwa kutojua. Mwaka huu nimetii. Nipishe, mzee, nimebeba mzigo. Na hilo shati, ulilitafuna?"

"Pasi imeungua."

"Na fundi ni wewe!"

Jirani alikuja kudai chujio alilomwazima marehemu. Fundi alipiga deki mara nne kwa siku, akalalia mto uliolowa, akashukuru mpaka machozi yakamlengalenga. Tatizo, hakujua amshukuru nani. Waliozikaribisha manowari, aliowalaani mwaka mzima, ndio hao hao waliomrudishia mke. Akaamua kumshukuru Mungu peke yake. Wakubwa hawakustahili hata salamu.

Ijumaa asubuhi shemeji yake, mdogo wa mkewe, akaleta karatasi ya kupinga mazoezi. Fundi akatia mikono mfukoni.

"Meli zisipokuja, shemeji, dada yako harudi."

"Na zikija," mkewe akadakia, "safari nyingine atakufa nani? Huyu mdogo wangu naye anaokota chaza pale pale. Weka dole, mzee, usinitie aibu."

Akaweka. Mkewe naye akaweka, kisha wote watatu wakaipeleka ofisini.

Karani hakuwa na shida na dole la marehemu. Alilalamika tu kwamba limelowesha karatasi. Manowari, alisema, zitarudi mwaka ujao, na mbili zaidi. Fundi akashukuru moyoni, akajionea aibu, akashukuru tena.

Mkewe akaomba swali lake liandikwe. Karani akaandika. Saa sita mchana, muda wa tangazo ulipokwisha, mama yule alijitwika ndoo akarudi baharini, huku mumewe akimsindikiza mpaka maji yalipomfika magotini.

Swali limo kwenye faili hadi leo, limegongwa muhuri wa kupokelewa: lile tangazo la mwaka wa kwanza, hadi Alhamisi ile, lilikuwa limelala mezani kwa nani?