Maiti Haoshwi na Mtu Mmoja

Mtaa mzima walimwita Mama Sabuni, maana kwa miaka ishirini na mbili hakuna mwanamke wa chama cha maziko aliyekwenda kaburini bila kupita mikononi mwake. Utaratibu wa chama ulikuwa waoshaji wawili wawili: mmoja anamimina maji, mwingine anageuza. Maiti ni mzito jamani, hata aliyekufa amekonda.

Alipofariki mshonaji wa nyumba ya pili, rafiki yake wa chanda na pete, Mama Sabuni alikwenda kwa mwenyekiti kuomba mwenzake wa kuosha naye. Mwenyekiti akakunja uso.

"Yule si wa kwetu. Wana watu wao."

"Watu gani? Ana mume tu. Na nilimwahidi mwenyewe."

"Dada, mwosha huoshwa. Ukienda huko, siku yako usitutazamie."

Watu wazima kutishana kwa kifo! Lakini ndivyo mtaa ulivyokuwa mwaka ule. Waliokuwa wakiombana chumvi walishaanza kuulizana babu zao walitoka wapi.

Mama Sabuni akabeba ndoo yake, akampitia binti yake wa pekee, katibu wa chama. Binti alimsindikiza mpaka mlangoni pa msiba, akagoma hapo.

"Ingia, mwanangu. Ni kumgeuza mara mbili tu."

"Mama, nina watoto. Watatutenga."

"Huyu ndiye aliyekushonea sare za shule, bure."

"Najua, mama."

Hakuingia. Ikabidi aitwe mume wa marehemu, fundi baiskeli. Alimgeuza mkewe kwa shida, akilia kwa sauti, maji yakamwagika chumba kizima. Mama Sabuni alimwosha rafiki yake vizuri, utosini hadi nyayoni, ila moyoni alikuwa na hasira na aibu, hajui ipi imezidi.

Alipotoka alimkuta binti palepale, daftari la chama mkononi.

"Wamesema nikufute jina," binti alisema.

"Nawe umewajibuje?"

"Nimeshakufuta, mama. Ulipokuwa ndani. Walisimama ng'ambo ya barabara wakinitazama."

Mama Sabuni akageuka, akarudi ndani kukaa na mfiwa.