Oda ya Kitanda Kumi na Nne

Zamani hakukuwa na jeneza lililochongwa kabla kamba haijafika. Ndugu wa marehemu alikuja karakanani na kamba yenye mafundo mawili, la utosini na la unyayoni, akaiweka mikononi mwa Mzee Randa bila maneno mengi. Fundi huyo alikuwa na miiko miwili tu: hapimi aliye hai, wala hagusi ubao kabla ya kamba.

Kisha mwenye kampuni akafa, mwanawe akarithi. Bosi Mdogo hakutaka kuuza majeneza kama baba yake. Alitaka kuuza msiba mzima: hospitali, gari la maiti, maua na mahema, vyote viongee ndani ya mtandao mmoja. Kamba zikatupwa. Vipimo vikawa vinaingia kwenye simu vyenyewe.

Adhuhuri moja simu ikalia juu ya benchi. Randa akafuta vumbi la mbao kwenye kioo, akasoma polepole.

Futi tano, inchi mbili. Mabega inchi kumi na sita. Wodi ya wanawake, kitanda 14. Kubali ndani ya saa moja.

Akakaa juu ya rundo la mbao. Kitanda 14 kililaliwa na mkewe, na asubuhi ile ile alikuwa amemlisha uji kwa kijiko.

"Piga simu hospitali!" akafoka Mama Vanishi, mpaka rangi wa karakana, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, brashi ikimdondokea miguuni.

Akapiga. Muuguzi akamwambia mgonjwa amelala, anapumua vizuri.

Bosi Mdogo akatoka ofisini na kikombe mkononi. "Mzee wangu, usitishike. Mashine ya hospitali ikiona siku zimebaki chache, inatuma oda mapema ili familia isihangaike."

"Familia ndiyo mimi."

"Basi ikatae. Itakwenda kwa fundi mwingine. Hakuna shida."

"Kwako wewe shida ni simu kuisha chaji," Mama Vanishi akamkata.

Randa hakungoja ugomvi wao uishe. Alitembea hadi hospitali na aproni yake kiunoni. Daktari alikuwa amemwambia mwisho wa mwezi mkewe atarudi nyumbani. Naye alishaziba ufa wa dirisha la chumbani, baridi isimkute.

Mkewe alikuwa macho, amelala ubavu kama kawaida yake, magoti yamekunjwa.

"He, Mzee Randa! Wamekufukuza?"

"Bado."

"Sasa saa hizi unatafuta nini huku?"

"Imekuja oda. Siitaki."

"Ya nani?"

Akanyamaza. Walikuwa wamelala kitanda kimoja miaka thelathini na mmoja; kimya chake mkewe alikijua kuliko maneno yake. Mkewe akaitazama simu kiganjani mwa mumewe, kisha akainua macho kwenye namba iliyobandikwa ukutani juu ya kichwa chake.

Akavuta shuka hadi kiunoni.

"Usipoichonga wewe, ataichonga nani?"

"Mtu tu. Simjui."

"Wala yeye hanijui. Mabega wameandika ngapi?"

"Kumi na sita."

"Waongo wakubwa!" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Mabega haya yaliyobeba wanao wanne?"

Zilibaki dakika saba. Randa akafungua kiganja, akakilaza begani kwa mkewe, kidole gumba huku, kidole kidogo kule, kisha akakisogeza tena. Shubiri mbili kamili. Inchi kumi na nane. Na kwa jinsi alivyopenda kulalia ubavu, lazima iongezwe moja ya magoti.

Mkono ulikuwa bado una joto la bega lile alipobonyeza Kubali.

Jibu likarudi hapo hapo: Asante. Gari limepangwa. Kitanda kitakuwa wazi kesho kutwa, saa nne asubuhi.

Akaigeuza simu kifudifudi juu ya paja.

"Wanasemaje?" mkewe akauliza.

"Wanasema asante."